Mutihani wa CFA, ngazi ya kwanza: hesabu saa zako mbele ya kulipa

Kama ulisoma uchumi Bukavu, unafanya hesabu za ONG fulani Bunia, ao uko mutumishi wa benki Butembo, pengine ulishasikia jina CFA. Ni mutihani wa mambo ya feza na uwekezaji unaotolewa na CFA Institute, chama chenye makao Charlottesville, katika jimbo la Virginia, Marekani. Unafanyika katika inchi mingi, kwa Kiingereza, na mutu anaweza kujitayarisha nyumbani bila kuingia darasa.

Lakini kujiandikisha mara ya kwanza kunapita dola 1000. Kwa jamaa mingi za huku kwetu, hiyo ni mishahara ya miezi na miezi. Mutu anayelipa kwanza, halafu ndio anatafuta wakati wa kusoma, anaweza kupoteza feza hiyo yote siku moja. Makala hii inaeleza ginsi ya kufuata njia nyingine: kwanza saa, kisha tarehe, kisha feza.

Je, ndio mutihani unaokufaa?

CFA iko na ngazi tatu. Inahusu kupima kampuni, hisa, madeni yanayouzwa sokoni, na kupanga mali ya watu ili izae. Ngazi ya kwanza peke yake haikupi cheo. Ili kupata cheo inaomba kupita ngazi zote tatu, na pia kuonyesha saa 4000 za kazi inayohusiana na mambo hayo, katika muda usiopungua miezi 36.

Kama nia yako ni kuwa muhesabu mwenye kutambuliwa na sheria ya Congo, na kutia sahihi hesabu za kampuni hapa inchini, njia yako ni ONEC, chama cha wahesabu kilichoundwa na sheria ya tarehe 12/02/2015. CFA haichukui nafasi ya ONEC. Inasaidia zaidi mutu wa benki, wa mikopo, wa mifuko ya uwekezaji, ao anayetafuta kazi katika kampuni zinazofanya kazi katika inchi mbalimbali.

Kujiandikisha inaomba uwe na diplome ya chuo kikuu, ao ubakiwe na miezi isiyopita 23 ili umalize, ao uwe na saa 4000 za kazi na masomo ya juu kwa miaka mitatu.

Mutihani wenyewe uko namna gani

Unafanywa kwenye ordinatere, katika kituo cha mutihani. Kuko maulizo 180, yaliyogawanywa katika vipindi viwili vya maulizo 90. Kila kipindi kinachukua dakika 135. Maana yake, ulizo moja unalipa dakika moja na nusu tu. Kila ulizo liko na majibu matatu, unachagua moja. Jibu baya halikatwi pointi, kwa hiyo usiache ulizo hata moja bila jibu.

Masomo ni kumi, na hayana uzito sawa. Maadili ya kazi yanachukua kati ya 15 na 20 kwa 100. Kusoma hesabu za kampuni, hisa, na madeni ya sokoni, kila moja linachukua kati ya 11 na 14. Kupanga mali kwa jumla ni kati ya 8 na 12. Yanayobaki ni hesabu za faida na takwimu, uchumi, mambo ya ndani ya kampuni, mikataba inayotegemea bei ya kitu kingine, na uwekezaji wa pekee kama vile nyumba na viwanja. Hayo yanachukua sehemu ndogo zaidi.

Wengi hawapiti. Mwezi wa 7 mwaka 2021, katika ngazi ya kwanza walipita watu 22 tu kwa 100. Mwaka 2024 hali ilikuwa bora, lakini kila mara waliopita walikuwa chini ya nusu. Na huwezi kurudi bila mwisho: unaruhusiwa mara mbili kwa mwaka, na mara sita kwa ngazi moja katika maisha yako yote.

Saa 300 zitatoka wapi?

CFA Institute inashauri karibu saa 300 za kusoma kwa kila ngazi. Gawanya saa hizo kwa saa zako za juma moja:

- saa 6 kwa juma: majuma 50
- saa 10 kwa juma: majuma 30
- saa 12 kwa juma: majuma 25
- saa 15 kwa juma: majuma 20

Usiandike saa unazotamani. Fanya jaribio la majuma mawili mbele ya kulipa. Azima kitabu cha zamani, soma kila siku, na uandike kwenye daftari saa ulizosoma kweli, ukitoa wakati wa simu na wa wageni. Kama ulipanga saa 12 na daftari linaonyesha 6, basi wewe uko mutu wa majuma 50. Hiyo si haya. Inamaanisha tu kwamba tarehe yako iko mbali zaidi.

Kisha ongeza majuma matatu ya akiba. Huku kwetu ugonjwa wa mutoto, kilio, ao siku ambazo risasi zinasikika na watu wanabaki ndani haviko vitu vya kushangaza. Mupango usiokuwa na akiba unavunjika mara ya kwanza tu.

Kuchagua mwezi

Ngazi ya kwanza inafanyika mara nne kwa mwaka: mwezi wa 2, wa 5, wa 8 na wa 11. Kwa mutu anayesoma saa 12 kwa juma, majuma 25 pamoja na akiba ni majuma 28. Kwa hiyo, wa mwezi wa 2 anaanza mwanzoni mwa mwezi wa 8, wa mwezi wa 5 anaanza mwisho wa mwezi wa 10, wa mwezi wa 8 anaanza mwisho wa mwezi wa 1, na wa mwezi wa 11 anaanza mwanzoni mwa mwezi wa 5.

Sasa weka kazi yako juu ya kalenda hiyo. Katika inchi za OHADA, ambamo Congo iliingia mwaka 2012, mwaka wa hesabu unafungwa tarehe 31/12, na kampuni iko na miezi mine ili kumaliza hesabu zake. Tarehe 30/04 ndiyo pia mwisho wa kutangaza kodi ya faida. Muhesabu yeyote anajua miezi hiyo: anatoka kazini usiku, macho yamechoka. Kwake mwezi wa 2 na wa 5 ni mibaya. Mwezi wa 11 njo unamufaa, maana anaanza kusoma mara tu hesabu za mwaka zimefungwa.

Mwalimu, yeye, anaweza kupendelea mwezi wa 8, juu ya likizo kubwa inamupa majuma ya mwisho bila darasa.

Juma moja la saa 12

Mufano mumoja unaowezekana kwa mutu mwenye kazi: siku ya kwanza mpaka siku ya tano, saa kumi na moja ya asubui mpaka saa kumi na mbili na nusu. Hiyo ni saa moja na nusu mara tano, saba na nusu. Siku ya posho, kisha salongo, saa ine na nusu. Jumla ni 12. Siku ya yenga unapumuzika.

Asubui ni nzuri kwa sababu nyumba imetulia. Chaji taa na simu umeme unapokuwa, na upakue masomo wakati rezo iko, ili asubui usitegemee kimoja wala kingine.

Ambia watu wa nyumba mupango wako na tarehe yake ya mwisho. Kwa mama mwenye watoto, jambo hili lina uzito zaidi: saa kumi na moja ya asubui ni saa ya maji, moto na watoto wa shule. Kama hakuna mutu anayekubali kuchukua kazi hizo kwa miezi sita, mupango utakuwa wa karatasi tu.

Majuma 25 yanagawanywa hivi:

Juma la 1 mpaka la 17 (saa 204): kujifunza masomo yote kumi. Anza na hesabu za faida, kwa sababu hisa na madeni ya sokoni vinazitegemea. Fuata na kusoma hesabu za kampuni. Maadili uyaweke mwisho, yabaki mapya kichwani. Kila somo, fanya maulizo siku ileile.

Juma la 18 mpaka la 21 (saa 48): maulizo yaliyochanganywa. Andika katika daftari kila kosa na sababu yake. Daftari hilo utalirudilia kuliko kitabu.

Juma la 22 mpaka la 25 (saa 48): mitihani ya majaribio. Dakika 135 mara mbili ni saa ine na nusu, sawasawa na saa zako za siku ya posho. Fanya mumoja kila posho, simu imezimwa. Siku zingine, sahihisha makosa.

Tangu 2024 kuko pia zoezi la vitendo kwenye intaneti ambalo ni lazima ulimalize ili upewe matokeo. Ulifanye mapema, usilisukume mpaka juma la mwisho.

Mitego ya mutu aliyesoma kwa Kifaransa

Wengi wetu tulijifunza hesabu kwa Kifaransa, na maneno yanayofanana yanadanganya. «Stock» kwetu ni bidhaa zilizo katika depo. Kwa Kiingereza cha Marekani mara mingi ni hisa. «Obligation» kwetu ni karatasi ya deni. Kwa Kiingereza ni wajibu, na karatasi ya deni inaitwa «bond». «Amortissement» ya gari ao ya mashini inaitwa «depreciation». «Billion» ya Kiingereza ni «milliard» yetu. Tena, Waingereza wanatenganisha elfu kwa alama ya koma na desimali kwa nukta, kinyume cha vile tulizoea.

Mutihani unatumia kanuni za IFRS na za Marekani, hautumii SYSCOHADA. Namba za akaunti ulizokariri hazitaulizwa. Kama Kiingereza chako ni cha polepole, ongeza saa 50 ao zaidi katika hesabu yako ya mwanzo.

Mbele ya kulipa na mbele ya safari

Paspoti ndiyo kitambulisho kinachokubaliwa siku ya mutihani. Karti ya uchaguzi haitoshi. Inaomba paspoti ya kweli, isiyopita wakati, na jina lililo ndani lifanane na lile uliloandikisha. Itafute kwanza.

Kwa wenye uwezo mudogo, CFA Institute iko na musaada unaoitwa Access Scholarship, unaopunguza bei ya kujiandikisha. Unaombwa mbele ya kulipa. Pia, anayejiandikisha mapema analipa kidogo kuliko anayechelewa. Malipo yanapita kwenye intaneti. Kwa watu wa Goma na Bukavu, ambako benki zilifunga mwanzoni mwa 2025, njia ya kulipa ipangwe miezi mbele.

Mashini za kuhesabu zinazokubaliwa ni aina mbili tu: Texas Instruments BA II Plus na HP 12C. Inunue juma la kwanza, maana vidole pia vinajifunza.

Angalia kwenye orodha kituo kiko muji gani mbele ya kulipa, na uweke garama ya safari na ya kulala katika hesabu. Mupaka unaweza kufungwa; fika siku mbili mbele. Kama kituo ni Kampala ao Nairobi, saa yao inatangulia yetu kwa saa moja: saa tatu kule ni saa mbili Goma.

Ukianguka

Matokeo yanaonyesha masomo yaliyokushinda. Kati ya mutihani na mwingine inaomba miezi sita, kwa hiyo aliyeanguka mwezi wa 11 hawezi kurudi mwezi wa 2. Ataangalia mwezi wa 5 ao wa 8. Achukue tena daftari la makosa, ahesabu saa alizo nazo kati ya sasa na tarehe hiyo, na asilipe mpaka hesabu ikubali.