Nani Atangulie?

Katika enzi ya ukoloni mji wa Isiolo ulikuwa mlango wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Barabara itokayo kusini ilikatizwa hapo na kizuizi, na msafiri alitakiwa kuonyesha kibali cha serikali ndipo apite. Sheria ya mwaka 1934 iliwazidishia wakuu wa wilaya uwezo juu ya mienendo ya wenyeji. Hivyo swali kubwa penye kizuizi halikuwa "Waenda wapi?" bali "U nani?"

Reli nayo iliuliza swali hilo hilo. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Mabehewa yake yaligawanywa kwa madaraja, na kwa muda mrefu rangi ya mtu ndiyo iliyomwonyesha behewa lake. Mwafrika alijikuta katika daraja la tatu.

Utawala ule umepita, lakini desturi ya kumtanguliza mmoja na kumchelewesha mwingine imevaa nguo mpya. Mwaka 1981 kampuni ya American Airlines ya Marekani ilianza kuwahesabia abiria wake maili na kuwatunza warukao mara kwa mara. Kampuni nyingi ziliiga, hata za Afrika Mashariki. Leo mwenye kadi ya heshima hupata foleni fupi, hupanda ndege mapema, na huongezewa mizigo.

Je, ni haki? Mtetezi atasema kwamba kadi haitazami rangi wala kabila. Hupatikana kwa kusafiri. Ni kweli, na tofauti hiyo si ndogo. Lakini nauli ya wengi wasafirio kwa kazi hulipwa na mwajiri, na tuzo huchukuliwa na msafiri.

Tumfikirie mama wa Isiolo aliyechanga nauli mwaka mzima ili ampeleke mwanawe mgonjwa kutibiwa India. Mwenye kadi akipumzika katika chumba chenye viti laini, mama hadhuriki. Lakini safari ikivunjwa, na viti vya ndege ifuatayo vikiwa vichache, mwenye kadi akitangulizwa, mtoto amepotezewa siku ya matibabu.

Wahenga walisema, "Mwenye nguvu mpishe." Hilo ni shauri la kumponya mnyonge, si kanuni ya haki. Tuzo isiyompunguzia mtu kitu ni adabu ya biashara; lakini ile itwaayo zamu ya mwenye dhiki ni kizuizi kingine njiani, ijapokuwa hakina askari.