Mkono wa Mhunzi wa Karagwe

Wasomaji wetu wanamjua Bezaleli wa kitabu cha Kutoka, fundi aliyejua kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Mtu mmoja, na vitu vingi vikimtii mkononi. Katika mwaka huu wa jubilei twataka kukumbusha kwamba mafundi wa namna hiyo walikuwako hata katika nchi yetu, Karagwe, pamoja na Kyerwa iliyofanywa wilaya ya peke yake mwaka 2012.

Mwezi wa Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika Bweranyange, makao ya Mfalme Rumanyika. Speke aliona humo ng'ombe wadogo wa chuma, akaandika kwamba Waarabu wa Kafuro ndio waliowafua ili kumfurahisha mfalme. Neno hilo ni fupi, lakini limetuumiza. Maana sisi tuliosoma shuleni tulisoma vitabu vya wasafiri kabla ya kuwauliza wazee wetu, na wengine wetu tukawafundisha watoto kwamba kila kazi nzuri ililetwa na wageni.

Basi na tupime neno hilo. Waarabu wa Kafuro walikuwa wafanya biashara, na walikuwa hawajakaa miaka mingi. Lakini katika nchi ya Wahaya, jirani zetu, wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua matanuri ya kuyeyushia chuma yenye umri upatao miaka 2000. Na mapokeo ya Karagwe humsifu Mfalme Ndagara, babaye Rumanyika, kwa ajili ya kazi ya chuma. Je, nchi iliyojua chuma muda huo wote ilihitaji mgeni aje kuifulia sanamu ya ng'ombe, mnyama ambaye watu wake huamka naye na kulala naye?

Tena yuko shahidi wa pili. Mwaka 1876 Stanley alifika kwa Rumanyika, akaonyeshwa nyumba ya hazina. Alihesabu mabata 16 ya shaba ya manjano yenye mabawa ya shaba nyekundu, sanamu 10 alizoambiwa kuwa ni mbunju, na ng'ombe 10 wa shaba nyekundu wasio na vichwa. Aliona mikuki na visu vilivyofuliwa kwa ustadi mwingi, fimbo za chuma zilizozungushiwa nyuzi za madini, nguo za majani zilizofumwa laini na kutiwa mistari myekundu na myeusi, na vyombo vya mti vilivyochongwa vema.

Tutazame mambo hayo kwa utaratibu. Mhunzi, ambaye sisi twamwita omuhesi, hakuanza kwa sanamu. Alipokuwa kijana alichoma makaa na kuvukuta mivuo, huku akiangalia rangi ya moto. Baadaye alipewa nyundo, akafua majembe, kwa kuwa jembe likivunjika nyumba hulala njaa. Kisha akafua mkuki, ambao hutaka unyofu na makali. Ndipo, mkono ulipokwisha kukomaa, akaingia katika kazi ya shaba, iliyo laini kuliko chuma na haivumilii nyundo ile ile. Ilimbidi ajifunze upya, naye ni mtu mzima. Mwisho wa safari hiyo ndiyo pembe ya ng'ombe wa chuma, ndefu na nyembamba, isiyolima wala kuchoma, iliyofuliwa ili itazamwe tu. Lakini ndani yake umo ujuzi wote wa jembe na wa mkuki.

Hazina ile haiko tena nyumbani mwake. Baadhi ya kazi za chuma za Karagwe zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mbali sana na Bweranyange. Majina ya waliozifua hayakuandikwa juu yake, wala Speke hakuyauliza.

Enyi waalimu, mkiwafundisha watoto habari za Speke, waambieni pia kwamba aliandika alivyoambiwa au alivyodhani. Kisha wapelekeni kwa mhunzi aliye karibu, hata kama siku hizi hufua chuma cha magari yaliyochakaa, wakatazame moto wake. Mkono ule haukuja na msafara wa pwani. Ulikuwa hapa, na ni wajibu wetu kuutaja.