Gesi baridi kupindukia: joto lake hupimwaje?

Kwa mkazi wa Bwera, baridi kali hukaa juu ya milima ya Rwenzori, ambako kilele cha Margherita chenye mita 5,109 kina barafu. Hata hivyo, barafu hiyo ingali zaidi ya nyuzi 260 juu ya sifuri halisi, kikomo cha baridi, ambacho ni nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi.

Mwaka 1924, Satyendra Nath Bose wa Chuo Kikuu cha Dhaka alimpelekea Albert Einstein makala kuhusu chembe za mwanga. Einstein aliipanua hoja hiyo, akabashiri kwamba atomu za gesi iliyopozwa mno zingeingia kwa wingi katika hali moja. Mwaka 1995, Eric Cornell na Carl Wieman walilithibitisha jambo hilo huko Boulder, Marekani, kwa atomu za rubidiamu zilizokaribia sana sifuri halisi.

Gesi ya namna hiyo haiwezi kutiwa kipimajoto, kwa kuwa chombo chochote kikiigusa kitaipasha joto. Basi wataalamu huimulika kwa leza, wakaipiga picha mara nyingi, na kuhesabu atomu zilizomo katika kila sehemu ndogo ya picha.

Tuchukue mfano wa wachuuzi wanaovuka mpaka wa Mpondwe. Kila mmoja akijiendea peke yake, na wastani ukiwa watu 100 kwa saa, hesabu huyumba kwa takriban watu kumi, juu au chini. Wakienda kwa makundi, hesabu huyumba zaidi. Wakibeba mizigo mikubwa na kuepuka kugongana, hesabu hutulia.

Atomu za Bose nazo huwa hivyo. Mwaka 2006, watafiti wa Orsay, Ufaransa, akiwemo Alain Aspect, walichunguza gesi ya rubidiamu iliyorefushwa kama uzi. Ilipokuwa nyepesi, atomu zilielekea kukusanyika, na hesabu zikayumba kupita kiasi cha kawaida. Ilipozidi kusongamana, atomu zilisukumana na myumbo huo wa ziada ukazimwa.

Kiasi cha myumbo hutegemea joto la gesi na wepesi wake wa kubanwa. Wepesi huo ukijulikana, joto hupatikana kwa hesabu. Hivyo, tofauti baina ya picha na picha, ambazo mtu angezidhania kasoro za upimaji, ndizo kipimajoto chenyewe.