Maji ya Chai: Utamu na Usalama

Wasikilizaji wetu wa Ngara na Biharamulo, leo tunataka kuzungumza nanyi habari ya maji ya chai. Watu wengi wakiona chai haina ladha huyalaumu majani, ama huulaumu uchache wa sukari. Lakini chai iliyomo kikombeni karibu yote ni maji. Basi na tuangalie jinsi wanadamu walivyojifunza kuyapima maji hayo.

Wachina waliyapima kwa ulimi. Katika karne ya 8 mtu mmoja wa kwao, jina lake Lu Yu, aliandika kitabu kizima juu ya chai. Alisema kwamba maji ya mlimani ndiyo bora, ya mtoni ni ya kadiri, na ya kisimani ni ya mwisho. Tena ya mtoni yatekwe mbali na makao ya watu. Mtu wa Ngara apendaye maji ya chemchemi kuliko ya Ruvubu yaliyochafuka kwa mvua angepatana na bwana huyo.

Baadaye watu waliyapima kwa sabuni. Katika miaka ya 1840 Thomas Clark, mwalimu wa elimu ya kemia huko Aberdeen, alieneza njia hiyo. Maji ya mvua hayana chokaa, kwa hiyo hutoa povu upesi. Maji yapitayo katika mawe ya chokaa huiyeyusha na kuichukua. Hayo huitwa maji magumu, na povu lake ni haba. Chai ya maji magumu huota utando juu, wala haing'ai. Ukikamulia limau kidogo, utando huo hupungua. Nayo maji yenye chuma huigeuza chai kuwa nyeusi kama wino, maana chuma hushikana na ukali wa majani. Ndiyo sababu wauza chai wa Uingereza walizoea kuchanganya majani kwa kufuata maji ya kila mji.

Lakini ulimi na sabuni havikuweza kuonyesha mauti yaliyomo majini. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia mtaa wa Broad Street, London, kikaua watu zaidi ya 600. Tabibu John Snow alichunguza, akaona kwamba wengi wao walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja. Hata mjane mmoja aliyekaa mbali, Hampstead, alikuwa akiletewa maji ya pampu ile kwa kuwa aliyapenda kuliko mengine. Aliyanywa, akafa. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ile uliondolewa.

Basi, ndugu zetu, maji matamu si lazima yawe maji salama. Chemchemi yaweza kung'aa kama kioo, kumbe ng'ombe wanakanyaga juu yake, ama choo kimechimbwa karibu nayo. Chagueni maji kwa ulimi mkitaka chai nzuri. Lakini mkitaka uzima, yachujeni kwa kitambaa safi, kisha yachemsheni mpaka yatokote sana kwa dakika moja hata tatu, ndipo mtie majani. Na maji ya kunywa matupu yafanyieni vivyo hivyo, maana mtoto anywaye maji mabichi mtungini hana majani ya chai ya kumkumbusha mama kuwasha moto.