Mkama-mbuzi na Kirukanjia

Ukisafiri usiku kwenye barabara ya vumbi, taa za gari huibua macho mawili mekundu katikati ya njia. Unakaribia, hayasogei. Tairi likiwa karibu kumkanyaga ndipo anapochomoka, kimya kabisa. Waswahili tumemwita ndege huyu kirukanjia, kwa lile tulilomwona akilifanya.

Wajerumani humwita Ziegenmelker, yaani mkama-mbuzi. Hilo si jina, ni shtaka. Mwanafalsafa Aristotle aliandika kwamba ndege huyu hunyonya mbuzi usiku, kisha kiwele hukauka na mbuzi hupofuka. Mwaka 1758 mwanasayansi Linnaeus akalipitisha jina la kisayansi, Caprimulgus, lenye maana ileile, nalo halijafutwa hadi leo. Kumbe ndege wa watu huwinda wadudu warukao tu, kama nondo na mbawakawa, ambao hawakosi penye mifugo.

Nenda ukalipime shtaka hilo Lüneburger Heide, nyika ya vichaka kaskazini mwa Ujerumani. Mchungaji wa kanisa Wilhelm Bode alianza kuinusuru mwaka 1906, alipofanikisha kununuliwa kwa bonde la Totengrund. Leo hifadhi iliyoanzia hapo ina hekta zaidi ya 23,000. Agosti vilima huvaa zambarau ya kalluna, kichaka cha kufika gotini. Ila usidhani ni pori lililojiotea. Kwa karne nyingi wakulima walikata miti, wakachuna udongo pamoja na mizizi yake wakautandika mazizini, na kondoo wa kijivu wenye pembe, Heidschnucke, wakatafuna kila mche uliothubutu kuchipua. Waondoe kondoo, misonobari na mibetula inarudi. Ndiyo maana makundi bado yanachungwa huko, yakichanganywa na mbuzi, maana mbuzi ndiye bingwa wa kumaliza miche.

Na mkama-mbuzi hapendi msitu uliofunga. Hajengi kiota: hutaga mayai mawili juu ya ardhi tupu, akayalalia, rangi yake kama gome lililoanguka; unaweza kupita hatua mbili usimwone. Basi mbuzi aliyedaiwa kuibiwa maziwa ndiye anayemfagilia mwizi wake mahali pa kuatamia.

Nalipenda zaidi jina letu, kwa kuwa limetoka kwenye jicho, si kwenye hofu ya gizani. Lakini nasi hatuna mikono safi: kirukanjia huyohuyo tumemfanya tusi la kumtupia mwanamke.

Kufikia Septemba Heide inanyamaza. Ndege wanavuka Sahara kuja kusini, na Desemba yale macho mekundu mbele ya gari lako huenda yalianguliwa kwenye kalluna.