Mzaliwa na Mwenyeji: Mji wa Unguja na Waimbaji Wake Wawili

Neno mwenyeji limejengwa juu ya mji: mwenyeji ni mwenye mji. Mzaliwa ni jambo jingine, kwani mtu huzaliwa mahali bila ya kuulizwa. Tofauti hiyo, ambayo katika kamusi huonekana ndogo, hukua mara mji unapotaka kumuenzi mwimbaji na kumwita wake.

Freddie Mercury alizaliwa Unguja mjini tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Maparsi kutoka Bara Hindi, na baba yake alikuwa mtunza fedha katika Mahkama Kuu. Masomo yake mengi aliyapata India. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza, na umaarufu wake wote ukapatikana huko. Mwaka 2006, sherehe iliyopangwa kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwake ilipingwa hadharani na jumuiya moja ya Kiislamu, kwa hoja kwamba mwenendo wake ulipingana na maadili ya visiwa. Hata hivyo, mwaka 2019 makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Shangani. Ni rahisi kuyaita biashara ya utalii, na kwa kiasi fulani ndivyo yalivyo. Lakini Maparsi wa Unguja wamebaki wachache mno, na nyumba ile humkumbusha mpita njia kwamba nao walikuwa watu wa mji.

Farrokh alipozaliwa, Siti binti Saad alikuwa bado hai, akiishi Ng'ambo, upande wa pili wa hori. Yeye hakuzaliwa mjini. Alizaliwa Fumba, mnamo 1880, katika ukoo wa watumwa, na jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Mjini alifika akichuuza vyungu. Mwaka 1911 akahamia moja kwa moja. Taarab ya kasri ya Sultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 sauti yake ikanaswa Bombay katika santuri zilizoenea pwani nzima. Kwa wimbo wa Kijiti alithubutu kuihukumu mahkama yenyewe: muuaji alitoroka, na wanawake waliotoa ushahidi ndio waliofungwa. Hapo ndipo uenyeji wake ulipo, katika kuusema mji kwa lugha ya mji.

Alifariki mwaka 1950. Aliyemwandikia Wasifu wa Siti binti Saad ni Shaaban Robert, mwana wa Tanga. Na chama cha wanahabari wanawake kilipoanzisha jarida lake Dar es Salaam mwaka 1988, kililiita Sauti ya Siti. Heshima zote mbili zilitoka ng'ambo ya bahari, tena zilikuwa za maandishi. Wanafunzi wengi wa Kiswahili hukutana na Siti katika kurasa za Shaaban Robert kabla ya kuisikia santuri yake hata moja.