Homoni Zinazoondoa Kizuizi

Mwaka 1926, kisiwani Taiwan, wakati huo chini ya utawala wa Japani, Eiichi Kurosawa alikuwa akichunguza ugonjwa wa mpunga uliowasumbua wakulima kwa muda mrefu. Miche iliyougua ilirefuka kupita kiasi, ikapauka, na mingi ikafa bila kuzaa. Kurosawa alimwotesha fangasi wa ugonjwa huo kwenye maji yenye virutubisho, akayachuja hadi fangasi akatoka wote, kisha akayatia kwenye miche mizima. Nayo ikarefuka vilevile. Kumbe fangasi alikuwa ameacha kitu majini. Mwaka 1935 Teijiro Yabuta wa Tokyo alikiita kitu hicho jibarelini, na kufikia miaka ya 1950 ilibainika kuwa mimea yenyewe huitengeneza mwilini mwake.

Habari za kazi yake kwenye maua zilichelewa, na zilikuja kupitia Arabidopsis, gugu dogo la jamii ya haradali. Ua lake lina petali nne nyeupe na stameni sita, yaani viungo vya kiume. Kila stameni ni uzi mwembamba, filamenti, uliobeba chavulio chenye chavua. Ua linapofunguka, filamenti hurefuka upesi hadi vyavulio vinafika usawa wa stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, kisha vinapasuka na chavua inamwagikia hapohapo. Filamenti zikibaki fupi, mmea haujichavushi.

Wageningen, Uholanzi, mwaka 1980, Maarten Koornneef na mwenzake van der Veen walieleza mimea ya Arabidopsis isiyoweza kutengeneza jibarelini. Ilikuwa mifupi mno, na ile iliyoathirika zaidi ilikuwa tasa: stameni zake hazikurefuka, chavua haikukomaa. Ikipewa jibarelini, huzaa.

Ungedhani homoni huisukuma stameni. Ndivyo ilivyoonekana, mpaka Jinrong Peng, Nicholas Harberd na wenzao walipoitambua, mwaka 1997, jeni moja ya kundi linaloitwa DELLA. Protini za kundi hili huzuia ukuaji. Mwaka 2004 wakaonyesha kwamba mmea usio na jibarelini, ukinyang'anywa pia protini kadhaa za DELLA, hurefusha stameni zake na kukomaza chavua bila homoni yoyote. Kwa hiyo nguvu ya kukua ilikuwamo muda wote. Kazi ya jibarelini ni kusababisha DELLA zivunjwe, kama utingo anavyoondoa jiwe lililozuia gurudumu. Kwangu hili ndilo jambo kuu katika historia hii yote, na lilijirudia kwa homoni ya pili.

Homoni hiyo ni jasmonati, ambayo umbo lake moja lilitambuliwa mwaka 1962 katika mafuta ya asumini, ua ambalo wanawake wa pwani yetu hulisuka vikuba. Mwaka 1994 kundi la John Turner, Norwich, Uingereza, lilikuwa likitafuta mimea isiyodhurika na sumu ya bakteria inayofanana na jasmonati. Iliyopatikana, yenye hitilafu kwenye jeni iitwayo COI1, ilikuwa tasa kwa upande wa kiume. Miaka miwili baadaye, Pullman, Marekani, Michele McConn na John Browse walikuwa na mimea iliyokosa asidi ya linoleni, malighafi ya jasmonati. Mimea ilistawi vizuri kabisa, ila haikuzaa. Walipoyapaka maua yake jasmonati, ikazaa. Ni jaribio jepesi, na sijui lingine linalosema wazi zaidi.

Daoxin Xie, aliyeitambua jeni ya COI1 akiwa Norwich mwaka 1998, aliendelea Beijing na swali la jinsi inavyofanya kazi. Protini za JAZ, zilizogunduliwa mwaka 2007, hufanya kazi ya kuzuia, na COI1 ikishika jasmonati huzipeleka zikavunjwe. Mwaka 2011 kundi la Xie likaonyesha zinachokizuia kwenye stameni: MYB21 na MYB24, protini zinazowasha jeni za kurefusha filamenti.

Njia mbili hizi zilikuwa zimeshaunganishwa mwaka 2009, pale kundi la Peng lilipoona kuwa jibarelini huwasha DAD1, jeni inayoanzisha utengenezaji wa jasmonati. Jeni hiyohiyo huwashwa na AGAMOUS, mojawapo ya jeni zinazoamua kwamba kichipukizi fulani cha ua kiwe stameni. Hivyo jeni iliyotoa amri ya mwanzo husimamia pia hatua za mwisho.

Mahindi yanakataa kufuata mpango huu. Mwaka 1922, kabla ya jaribio la Kurosawa, watafiti wa Marekani walieleza mihindi mifupi iliyoota vyavulio ndani ya gunzi, mahali pa maua ya kike. Baadaye sana ilijulikana kwamba mihindi hiyo ina upungufu wa jibarelini, homoni ambayo kwenye gunzi huzuia stameni. Mhindi ukikosa jasmonati, mbelewele yake, ambayo kwa kawaida ni ya kiume, huota viungo vya kike na huweza kubeba punje.